Mkono mnene, sindano fupi

Mwaka jana nilimsindikiza shangazi yangu kwenye zahanati moja hapa Kisumu akachanjwe homa ya ini aina B. Anauza samaki Kibuye, na ana mwili. Blauzi yake ya kitenge ilikuwa ya mikono ya kubana. Sista akausukuma mkono wa blauzi juu hadi ukagoma, nyama ikajikusanya chini yake, akaifinya kwa vidole viwili na kuchoma hapo hapo. "Nimemaliza, mama." Shangazi akashangaa: "Hata sijasikia uchungu!" Tukatoka tukicheka. Baadaye ndipo nikaanza kujiuliza ile dawa iliishia wapi.

Chanjo ya homa ya ini, kama ile ya pepopunda na ya HPV, kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, wanayopewa wasichana wetu tangu 2019, hukusudiwa kufika kwenye msuli. Msuli una damu nyingi, na chembe za kinga huikuta chanjo mapema. Mafuta hayana mishipa mingi ya damu. Chanjo ikikwama humo hutoka polepole, na zile zenye chumvi za aluminiamu huweza kuacha uvimbe mgumu unaowasha. Marekani walilijua hili miaka ya 1980, ilipoonekana kwamba watu wazima waliodungwa chanjo ya homa ya ini kwenye makalio walipata kinga hafifu kuliko waliodungwa begani. Mafuta ya makalio ni mazito na sindano nyingi haziyavuki. Ndiyo maana siku hizi mtu mzima anaambiwa apandishe shati, si ashushe suruali.

Na bega nalo? Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliowachanja vijana wanene homa ya ini, wengine kwa sindano ya milimita 25, wengine ya milimita 38. Waliodungwa kwa ndefu walikuwa na kingamwili, yaani protini za kinga zinazopimwa kwenye damu, nyingi zaidi. Miili ya aina moja, chanjo moja, tofauti ni milimita 13 za chuma. Mwongozo wa huko unataka sindano ya milimita 38 kwa mwanamke anayepita kilo 90, na kwa mwanamume anayepita kilo 118. Pengo hilo la kilo 28 lina sababu: wanawake hubeba mafuta mengi zaidi kwenye mkono wa juu.

Wapo wanaosema sindano inasingiziwa kwa kinga hafifu ya watu wanene, na hoja yao si ya kupuuza. Utafiti wa 2012 kuhusu chanjo ya mafua ulikuta kwamba kingamwili za watu wanene zilipanda vizuri mwezi wa kwanza, kisha ndani ya mwaka zikashuka kuliko za wembamba. Dawa ingekuwa imekwama kwenye mafuta, zingepandaje? Hapo ni mwili wenyewe, namna unavyoitunza kinga. Tena chanjo ya surua huwekwa chini ya ngozi makusudi na inafanya kazi. Na jaribio kubwa la chanjo ya korona ya Pfizer, 2020, lilikuta wanene wamekingwa karibu sawa na wengine.

Nakubali yote hayo. Ila naona maelezo ya "ni mwili wako" yanapendwa kwa sababu hayamgharimu anayeyatoa chochote. Mhudumu wa afya akipimwa mwezi mmoja au miwili baada ya dozi ya tatu ya homa ya ini, kingamwili zisifike 10 kwenye kipimo, kiwango cha chini kinachohesabiwa kuwa kinga, huanzishiwa dozi upya. Mimi ningeuliza kwanza: zile tatu ziliingizwa kwa sindano gani, na wapi? Kurudia kosa mara sita hakulifanyi kuwa tiba.

Lakini sista wa zahanati ana nini mkononi? Sirinji za mpango wa chanjo ni zile zinazojifunga baada ya kutumika mara moja, sindano imebanwa humo humo, huwezi kuibadilisha, na kwa kawaida ni ya milimita 25. Sindano ya 38 ipo kabatini, mara nyingi kwenye sirinji ya mililita 5, lakini jaribu kupima nusu mililita kwa sirinji ambayo kila mstari ni 0.2. Pia ni nene, inauma. Na ukiagiza ndefu kwa wote, mama mwembamba atagongwa mfupa. Kumpandisha mtu kwenye mizani mbele ya foleni ili kumchagulia sindano nako kutawafukuza wengi kuliko uchungu wenyewe. Hata hivyo utafiti wa taifa wa afya wa 2014 uliwakuta wanawake 33 kati ya kila 100 wakiwa na uzito uliozidi, kwa hiyo hawa si wachache wa kusahauliwa wakati wa kuagiza.

Kuna jambo lisilohitaji oda yoyote. Bega liwe wazi lote, ngozi ivutwe ikakae bapa badala ya kufinywa, maana kufinya kunaongeza unene wa mafuta, kisha sindano iingie wima hadi mwisho.

Dozi ya pili shangazi alikuja na gauni lisilo na mikono, leso mabegani. Sista alikuwa mwingine. Akaitoa leso, akapapasa mfupa wa bega, akashuka vidole viwili hivi, akavuta ngozi. "Uuwi!" Shangazi akanigeukia: "Hii sasa ndiyo imeingia." Nikamwambia uchungu si kipimo, kipimo ni damu. Dozi ya tatu ni mwezi wa sita tangu ya kwanza, na amekwisha kuniagiza nimkumbushe asivae kitenge.