Sekunde 9 za Jerry Lewis ngazini

Filamu ya Cinderfella, iliyoongozwa na Frank Tashlin na kutolewa mwishoni mwa mwaka 1960, husemwa vibaya kwa sababu moja kuu: kwamba ni kichekesho kisichochekesha vya kutosha. Lawama hiyo haikuzuka bure. Jerry Lewis, mchekeshaji wa Marekani anayeigiza nafasi ya Cinderella akiwa kijana wa kiume anayetumikishwa na mama wa kambo na wanawe wawili, anaimba na kuhuzunika kwa muda mrefu kupita subira ya mtu aliyekuja kucheka. Na yule mzee wa miujiza, Ed Wynn, anapodai kwamba hadithi ya zamani ya Cinderella iliwaharibia wanaume wa kawaida kwa kuwazoesha wanawake kumngoja mwana wa mfalme, sioni namna ya kumtetea.

Lakini anayehesabu vicheko tu huacha kuutazama mwili wa mwigizaji. Redio inacheza muziki wa Count Basie, kiongozi wa bendi ya jazz, jikoni, na Lewis, bila kutamka neno, anaanza kupiga ala ambazo hazipo, mikono na uso vikifuata kila mdundo bila kukosea. Mtumishi asiye na chochote amejipatia bendi nzima. Huzuni ileile inayolaumiwa ndiyo inayokipa kipande hiki uzito, kwa kuwa mwenye raha zake asingehitaji kujitungia ala hewani.

Kisha kuna ngazi. Basie mwenyewe na bendi yake wanatumbuiza kwenye dhifa. Lewis anashuka ngazi ndefu kwa madaha, anacheza na binti mfalme, Anna Maria Alberghetti, na saa sita ya usiku, ambapo miujiza hukoma, inapogonga anazipanda mbio. Alizipanda kwa muda usiofika sekunde 9, akaanguka alipofika juu, akalazwa siku 4 kwa matatizo ya moyo, na upigaji picha ukachelewa wiki 2. Sisemi kwamba ugonjwa wa msanii huipandishia kazi yake thamani. Ninachosema ni kwamba katika sekunde hizo hofu ya mtumishi kugunduliwa imo miguuni mwake, wala haihitaji maelezo.

Studio ya Paramount ilitaka filamu itoke majira ya joto ya Marekani. Lewis akashikilia isubiri Krismasi, akatengeneza kwa haraka kichekesho kingine, The Bellboy, kilichotoka Julai, ili kuziba pengo. Aliyeingia ukumbini Desemba akitarajia vituko vya Julai alikuwa na haki ya kulalamika, ila alikuwa ameletewa hadithi ya watoto, nayo ilisimuliwa kama hadithi ya watoto.