Hatukulisoma jina la Kaburu, tulilisikia

Ijumaa iliyopita nilikaa baa moja ya Sinza na mjomba wangu, aliyekuja mjini kwa matibabu ya macho, pamoja na jamaa wawili wa kazini. Mhudumu alikuwa binti mdogo, ukimwangalia tu unajua hajamaliza hata mwezi pale. Tukamuuliza kuna bia gani za nje. Akageukia friji, akaanza kututajia moja moja: Heineken, Castle, "na Windihoeki," yaani Windhoek, ile bia ya Namibia.

Kaka mmoja wa meza ya jirani, mwenye shati jeupe, akadakia kwa sauti iliyofika hadi jikoni: "Sema Windi-houk, dada! Umesomea wapi wewe?" Meza yao yote ikaangua kicheko. Na linaniuma kulisema hili: wale jamaa zangu wawili nao wakacheka.

Yule dada hakujibu kitu. Kwa muda wote tuliokaa pale hakutaja tena jina la bia yoyote. Ukimwagiza, anakwenda kwenye friji, ananyanyua chupa juu uione, unaitikia kwa kichwa, ndipo anauliza, "Ya moto au ya baridi?" Mtu yuko kazini kwake, anatafuta riziki yake, amefanywa bubu na wateja kwa sababu ya karatasi iliyobandikwa kwenye chupa.

Mjomba alikuwa kimya. Alichukua chupa, akaiinamia kwa yale macho yake yanayosumbua, akairudisha mezani na kusema polepole, "Ni Vint-huk."

Mjomba amezaliwa Kongwa. Mnaoijua historia ya Dodoma mnajua kambi ya wapigania uhuru iliyofunguliwa pale mwaka 1964, na kwamba vijana wa SWAPO, chama kilichopigania uhuru wa Namibia, walikuwamo. Yeye alikuwa mtoto wa kukimbia peku. Jina la mji mkuu wa Namibia hakulipata kwenye chupa wala kwenye ramani. Alilisikia kwa watu waliotoka huko, wakilitaja kama mtu anavyotaja nyumbani kwao asikokuwa na hakika ya kurudi. Namibia ilipata uhuru tarehe 21 Machi 1990, na baadhi yao hawakuuona. Lakini jina lao, vile walivyolitamka wao, bado liko sikioni kwa mzee mmoja wa Kongwa.

Tangu siku ile sijaacha kulifikiria jambo hili, na leo nataka niliseme lote.

Yule kaka hakumsahihisha mtu. Aliondoa kosa moja akaweka lake. Windhoek ni neno la Kiafrikana, kile wazee wetu walichokiita Kikaburu. W yao ni V. D inayofunga silabi wanaifunga kwa ukali, inasikika T. Na hizo herufi mbili, o na e zikikaa pamoja, ni u yetu hii hii ya "ugali". Wajerumani walipoitawala nchi ile waliandika Windhuk, maana ndivyo walivyosikia. Yule dada alisoma kila herufi iliyo mbele yake kama Kiswahili kinavyofundisha kusoma, kwa uaminifu kabisa. Kaka yeye alitumia kanuni za Kiingereza kwenye neno lisilo la Kiingereza, halafu akadai elimu. Mimi nikiambiwa nichague kosa, nachagua la dada.

Na kinachonichoma zaidi ni kwamba jambo hili Kiswahili kilikwisha kulijua. Neno Kaburu limetoka wapi? Limetoka kwa Boer, jina la walowezi wa Afrika Kusini wenye asili ya Uholanzi. Hatukusema Kaboeri. Tulisema Kaburu, kwa u safi, kwa sababu wa kwanza kulitumia hawakulisoma popote. Walilisikia, sikio likachukua kilichosemwa, mdomo ukaongeza u ya mwisho ili neno lisibaki limening'inia, basi, likawa letu. Tulifanya hivyo hivyo na shule. Mjerumani anaiandika Schule, rundo la herufi ambalo mtoto wa darasa la kwanza angelilia, lakini sisi tuliisikia, tukaandika shule, na ukiitamka leo mbele ya Mjerumani anakuelewa bila kuuliza. Hela nayo ni Heller, ile sarafu yao ndogo. Mababu zetu waliokota maneno haya sokoni, bandarini, shambani kwa mkoloni, wengi wao bila kujua kusoma, na wakayapata sawa kuliko sisi wenye vyeti.

Sasa njoo kwenye Hoegaarden, ile bia nyeupe ya Ubelgiji inayouzwa bei ya kuumiza kwenye hoteli za Masaki. Nimewasikia watu wakitamka "Ho-gaden" kwa madaha makubwa. Hoegaarden ni kijiji, kina watu wake, na wanasema Kiholanzi. Ni pale pale kiwanda cha mwisho cha bia ile kilipofungwa mwaka 1957, kisha miaka ya 1960 muuza maziwa mmoja wa kijijini, Pieter Celis, akaamua kuipika upya, ngano, giligilani na maganda ya chungwa, kwa sababu wenzake waliikumbuka. Basi lile oe ni lile lile la Windhoek: u. Ukijua kanuni moja umefungua chupa mbili. Na ile g katikati, inayowashinda Waingereza kiasi kwamba wameifanya g ya kawaida, ni gh. Gh ya ghali. Gh ya ghafla na ghuba. Hughaarden!

Soma tena hapo. Sauti ambayo Mwingereza anahitaji mwalimu ili aipate, bibi wa Lamu au Unguja anaitumia kila siku akilalamikia bei ya samaki. Sisi wa bara wengi tumeiacha, tunasema gali na gorofa, na hilo nalo nalisikitikia, lakini haijatutoka. Iko ndani ya lugha, imeandikwa kwenye kamusi zetu. Mswahili anayesema "Ho-gaden" ameweka kando sauti sahihi aliyorithi, akaazima isiyo sahihi kwa mtu ambaye naye hakuijua. Hili ndilo linalonikosesha usingizi, zaidi ya bia yenyewe.

Majina mengine hayana shida kubwa. Heineken ni Haineken, tunaisema vizuri. Stella Artois inaishia na "artwa", s haisomwi. Guinness kwa Kiswahili ni Ginesi, na anayekucheka kwa ile i ya mwisho hajui lugha yake inavyofanya kazi, maana i hiyo ndiyo ile ile ya benki na basi. Pilsner maana yake ni "ya Plzeň", mji wa Ucheki ambako bia ya rangi ile ilipikwa mara ya kwanza mwaka 1842. Mjerumani mwenyewe anauita Pilsen, Mcheki hajamtukana, wanaishi.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba mhudumu anapaswa kuijua bidhaa anayouza. Mwenye baa angempa dakika kumi tu kabla ya zamu yake ya kwanza, akamtajia majina yote, mambo yangekwisha. Lakini hiyo ni kazi ya mwenye baa. Si haki ya mteja kumfundisha mtu kwa kumwaibisha mbele za watu.

Na angalia upande wa pili. Watalii wanaingia baa zetu kila siku, wanaagiza Ndovu. Wanasema "En-dovu", wanasema "Indovu", mmoja Arusha nilimsikia akisema "Dovu" tu. Umewahi kuona mhudumu wa Kitanzania akimcheka? Anatabasamu, anasema karibu sana, anaileta Ndovu, na mara nyingi anamtamkia polepole ili naye ajifunze, "Ndo-vu", mtalii anajaribu tena, wote wawili wanafurahi. Ustaarabu wote huo tunao. Tunaujua. Kwa nini mgeni aupate, halafu dada yetu, aliyekosea jina ambalo kila aliyemcheka pale naye alikuwa hajui, akose?

Jina la mji ni la wenye mji. Ukitaka kulijua, muulize aliyetoka huko, au msikilize mzee aliyekaa nao. Kiingereza hakina kiti cha uamuzi kwenye neno la Kiholanzi, la Kicheki wala la Kiafrikana. Ukishajua, mwambie mwenzako kwa sauti ya chini, kama mjomba alivyofanya. Tulipoondoka alimwita yule dada pembeni, akamshukuru kwa huduma, akamwambia lile jina mara mbili. Dada akalirudia. Akasema, "Asante, babu," na kwa mara ya kwanza usiku ule nikamwona akituangalia usoni.

Kwa hiyo wewe kaka wa shati jeupe, ikiwa haya yatakufikia: najua baa ile ni yako ya kila Ijumaa. Yule dada anaingia zamu saa kumi jioni. Nenda mapema, kabla meza hazijajaa, ukamwombe radhi.