Alan Garner na vijana aliowatisha

Kuna lawama moja inayomwandama Alan Garner, mwandishi wa Kiingereza aliyezaliwa Cheshire mwaka 1934: kwamba aliwanasa watoto kwa hadithi za kutisha, kisha akawageuzia kisogo na kuanza kuandika mafumbo ya watu wazima. Watetezi wake hujibu kwamba hakumkimbia mtu, bali wasomaji ndio waliotaka arudie kitabu kilekile maisha yake yote. Kwangu mimi kila upande una haki yake, ila si kwa vitabu vilevile.

Riwaya yake ya kwanza, The Weirdstone of Brisingamen, ilitoka 1960, na mwendelezo wake, The Moon of Gomrath, ukaja 1963. Ni vitabu vya kukimbizana. Colin na dada yake Susan wanasakwa na viumbe vya giza huko Alderley Edge, kilima alichokulia Garner mwenyewe, ambacho chini yake wamelala mashujaa wanaolindwa na mchawi. Watoto walivipenda sana. Garner mwenyewe alikuja kukiponda kile cha kwanza hadharani, na hapo hakujitendea haki: ile safari ya kutambaa ndani ya mwamba, pasipo nafasi ya kugeuka wala kurudi nyuma, bado inabana kifua hadi leo.

Mabadiliko yenyewe yalikuja na The Owl Service ya mwaka 1967, iliyompatia Tuzo ya Carnegie, ya vitabu vya watoto Uingereza, na ya gazeti la Guardian. Mchawi hayumo, wala mashujaa. Alison ni mgonjwa, amelala kitandani katika nyumba ya bondeni huko Wales, anasikia kitu kikikwaruza darini. Gwyn, mtoto wa mpishi, anapanda kutazama na kukuta rundo la sahani zenye maua. Alison anaunakili ule mchoro kwenye karatasi, anaukata na kuukunja, anapata bundi (ndege ambaye na kwetu hana sifa njema). Baadaye sahani aliyoinakili inaonekana nyeupe tupu, kama haijawahi kuchorwa kitu. Hakuna anayepiga kelele. Hakuna anayeeleza. Nyuma ya yote kuna hekaya ya kale ya Wales, ya mwanamke aliyeumbwa kwa maua akageuzwa bundi, lakini kinachouma zaidi ni dharau ya watoto wa Kiingereza wenye pesa kwa Gwyn, na hofu ya mama yake kwamba mtoto ataharibu kibarua chao.

Hapo ndipo unapoiona mbinu ya Garner: anakata. Anakuachia mazungumzo na kimya, wewe ujaze. Mbinu hiyohiyo ndiyo iliyomletea lawama. Red Shift ya 1973 haina sura, karibu yote ni watu wakizungumza, na inaruka bila onyo kati ya askari wa Kirumi, mauaji ya kanisa la Barthomley mwaka 1643 katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Uingereza, na vijana wawili wa zama zake, Tom na Jan. Barua ya mwisho imeandikwa kwa msimbo, uifumbue mwenyewe. Wanaolalamika wana hoja: kijana wa kawaida atakiweka chini kabla hajafika mbali. Lakini mada yake ni ya vijana mia kwa mia. Tom anaishi na wazazi wake kwenye karavani asikoweza kujificha, mpenzi wake amehamia London, wivu unamla. Kitabu kuwa kigumu si sababu ya kumpokonya kijana.

Halafu lawama husahau kilichofuata. Kati ya 1976 na 1978 Garner aliandika vitabu vinne vifupi, The Stone Book Quartet, ambavyo mtoto wa miaka kumi anavielewa. Katika cha kwanza, Mary anampelekea baba yake, mwashi, chai baridi, mkate na nusu kitunguu hadi juu kwenye mnara wa kanisa. Aliyewatupa watoto haandiki ukurasa ule.

Ninapokubaliana na walalamikaji ni Boneland ya 2012. Miaka 49 baada ya The Moon of Gomrath, waliokuwa wakimsubiri Susan walimkuta Colin mtu mzima, mtaalamu wa nyota huko Jodrell Bank, kituo cha darubini za redio, asiyekumbuka lolote la kabla ya umri wa miaka 13, na dada hayupo. Ni kitabu kizuri sana. Lakini kukiita hitimisho la zile hadithi mbili ni kumpa msomaji deni badala ya malipo.

Ajabu ni kwamba Treacle Walker, ya 2021, iliyofika orodha ya mwisho ya Tuzo ya Booker, ile kubwa ya riwaya za Kiingereza, mwaka uliofuata, ni ya mtoto aliyezibwa jicho moja, msomaji wa katuni. Ni fupi, na imo kwenye rafu za watu wazima. Hilo si la kumlaumu Garner. Wapangaji wa rafu ndio wa kuulizwa.

Kwa kijana wa miaka 13 ningeanza na The Owl Service, Red Shift isubiri miaka mitatu. Boneland ni kwa yule tu aliyekwisha kutambaa ndani ya ule mwamba na Colin na Susan, na awe tayari kukasirika.