Boriti ya tao: vipande uchague mwenyewe

Wateja wa Bukavu wanapenda balkoni ya mviringo, na siwalaumu. Ukitembea kwenye avenue Patrice Lumumba ukaangalia majengo yaliyobaki ya wakati wa Wabelgiji, utaona kona zilizozungushwa vizuri. Mtu aliyekulia Ibanda akipata kiwanja kwenye mteremko unaotazama ziwa Kivu, naye anataka ukingo wake uzunguke. Ninaowalalamikia ni sisi, wachoraji na mainjinia, tunaompa duara hiyo kwa kubofya mara tatu.

Katika Revit, programu ya kuchora majengo, boriti ya tao ni kazi ndogo. Unachagua chombo cha upinde, unaonyesha mwanzo, mwisho na nusu kipenyo, inatokea boriti laini yenye kivuli chake. Picha inaenda WhatsApp, mteja anafurahi, avansi inatoka. Lakini huo upinde ni umbo tu. Programu nyingi za hesabu huukata kuwa vipande vifupi vilivyonyooka, kisha zinahesabu kipande kwa kipande. Idadi ya vipande anaiweka injinia. Akinyamaza, programu inajiwekea. Mimi nasema aiweke injinia, tena kwa kufuata namna mafundi watakavyopiga kofraji, yaani ukungu wa kumwagia betoni.

Maana kofraji yetu ni mbao, na mbao haipendi kuzunguka. Seremala naye anaukata upinde vipande, kwa macho yake na kwa mbao alizonazo siku hiyo. Kwa hiyo tao moja linakatwa ofisini, linakatwa tena shantie, pale panapojengwa, na mikato hiyo haijuani. Kapita mmoja, msimamizi wa mafundi, aliniuliza kuhusu boriti: "Injenia, hii putre tuikate ao tuizungushe?" Nikamjibu: "Papa, ikate, lakini pale nilipotia alama."

Chukua robo ya duara yenye nusu kipenyo cha mita 5. Urefu wake ni kama mita 7.85. Ukiikata vipande 4, katikati ya kila kipande mbao inaingia ndani ya upinde kwa karibu sentimita 10, na hiyo mpita njia anaiona bila miwani. Ukiikata vipande 8, tofauti inashuka hadi sentimita 2.4 hivi, na kila kipande kinakuwa na karibu mita 1. Hapo seremala anaweza, na plasta inaweza kumalizia. Basi naweka vipande 8 kwenye modeli ya hesabu, nodi zilezile, yaani pale vipande vinapokutana, naziweka kwenye plani ya kofraji, na fundi anapewa vipimo vya kila nodi kutoka kwenye nguzo. Kumpa kitovu cha duara hakumsaidii: kwa viwanja vyetu vya mlimani kitovu mara nyingi kiko ndani ya ukuta, hewani, au kwa jirani.

Kuna wanaoamini kwamba modeli ya hesabu inajitengeneza nyuma ya mchoro. Tangu toleo la 2023 Revit imetenganisha vitu hivyo viwili: boriti unayoiona na mstari wa hesabu havifuatani vyenyewe. Wengine wamekasirika. Mimi naona ni afadhali, kwa sababu sasa mtu analazimika kufikiri.

Jambo zito zaidi ni msokoto. Robo ile ya duara ikikalia nguzo mbili tu, uzito wake hauko juu ya mstari unaounganisha nguzo. Kitovu chake cha uzito kiko karibu mita 1 nje ya mstari huo. Ni kama mtu aliyeshika bidoni la maji kwa mkono ulionyooshwa mbele: linamvuta chini na kumpindua pamoja. Boriti ya tao inapinda na kusokotwa kwa uzito wake yenyewe, kabla mtu hajakanyaga balkoni.

Mazoea ndiyo yanatuponza. Wengi tunaotumia ETABS, programu ya hesabu za majengo, tumezoea kuzidisha ugumu wa msokoto wa boriti kwa 0.01, yaani kuufuta karibu wote, ili nambari hizo zisitusumbue. Kwa boriti iliyonyooka inayobebana na dale (sakafu ya betoni) kuna hoja: betoni ikipasuka ugumu huo unashuka sana, na mzigo unapata njia nyingine. Tao lililo peke yake halina njia nyingine. Msokoto ndio unaolizuia lisipinduke. Ukiufuta, kompyuta haigomi. Inakupa momenti (nguvu za kupinda) za uongo na mshuko wa ajabu, na asiyetazama picha ya mshuko anapiga muhuri. Ukiziachia ncha zote mbili zizunguke huru, hapo inalalamika kwamba muundo hausimami. Huwa nafurahi inapolalamika.

Eurocode 2, kanuni ya Ulaya ya ujenzi wa betoni, haina utata: pale ambapo muundo unasimama kwa msokoto, msokoto uhesabiwe wote. Etriye, zile pete za chuma zinazozunguka vyuma vya urefu, zifungwe kabisa, na umbali kati yake usizidi sehemu ya nane ya mzunguko wa boriti. Kwa boriti ya sentimita 25 kwa 50 hiyo ni 18.75, andika 18. Kila kona iwe na chuma cha urefu, na kati ya chuma na chuma pasizidi sentimita 35, maana yake kwenye boriti hiyo kila ubavu unadai chuma kimoja katikati. Hicho cha katikati ndicho kinachopotea shantie. Na kwa mji uliotikiswa na tetemeko la ukubwa wa 5.9 tarehe 3 Februari 2008, etriye iliyofungwa vizuri, yenye ndoano zilizoingia ndani ya betoni, tungeidai hata bila tao.

Kwa balkoni inayotoka mita 1.20 tu, mimi naiondoa boriti ya tao kabisa. Boriti inabaki imenyooka nyuma, dale inatoka mbele na ukingo wake ndio unaozunguka. Mteja anapata duara yake, na msokoto unaobaki nauzuia kwa kuiendeleza dale hiyo hadi ndani ya nyumba. Msanifu mmoja aliniambia huo ni woga. Sawa, alete plani ya vyuma ya tao lake, na cha katikati ya ubavu kiwemo, tuongee.