Mto Omo urudishiwe mafuriko yake

Kila maji ya Ziwa Turkana yanapopanda, hoja ni ileile: bwawa la Gibe III, lililojengwa kwenye mto Omo huko Ethiopia, halikudhuru kitu, tulitiwa hofu bure kwamba ziwa litapungua. Siikubali. Mvua za miaka ya karibuni zimejaza hata Baringo na Nakuru, maziwa yasiyopata tone kutoka mto Omo. Kina cha leo hakituambii bwawa limefanya nini.

Turkana halina mto unaotoka. Maji yakishaingia hayana pa kwenda ila angani. Jua huyanyonya, chumvi hubaki. Takriban asilimia 90 ya maji hayo huletwa na Omo. Kwa hiyo ziwa karibu lote liko Kenya, lakini koki yake iko Ethiopia.

Gibe III, ukuta wa mita 243, lilizinduliwa Desemba 2016. Watetezi wake husema mitambo ya umeme hainywi maji, yanayoingia ndiyo yanayotoka. Ni kweli. Ila sasa hutoka kwa kipimo mwaka mzima, ilhali Omo ulizoea kufurika kwa kishindo Agosti na Septemba. Jamii ya Wadaasanach wa kwenye delta, Omo unapoingia ziwani, walingoja maji yashuke, wakapanda mtama kwenye tope bichi, katika nchi ambayo mvua yake haitegemeki. Samaki wengi nao huzaa wakifuata mafuriko: nyasi za ufuoni zikifunikwa, vifaranga hupata chakula na maficho. Ghuba ya Ferguson, karibu na Kalokol, ni mazalio ya tilapia na kina chake ni kifupi. Ziwa liliposhuka miaka ya 1980, ilikauka.

Wastani wa maji wa mwaka mzima hauyaoni haya yote.

Halafu kuna mashamba ya miwa ya Kuraz, chini ya bwawa. Miwa inakunywa kweli, na hapo naona hatari kubwa kuliko ya bwawa lenyewe.

Sipingi Ethiopia kuzalisha umeme, nasi Kenya tunaununua tangu 2022. Basi mnunuzi aseme. Mipango ya mradi wenyewe iliahidi mafuriko ya kufunguliwa makusudi kila mwaka. Serikali yetu iidai ahadi hiyo kwa maandishi: maji ya kutosha kufunika delta, kwa majira yake, na vipimo vya kila siku vitangazwe wavuvi wa Kalokol na Loiyangalani wavione.