Plasta Mbili za 25

Wiki iliyopita mfamasia aliniambia plasta zangu za homoni za mikrogramu 50, ninazobandika ngozini kwa dalili za kuelekea kukoma hedhi, zimekwisha. Akaingia ndani, akarudi na paketi ya za 25. "Bandika mbili kwa pamoja," akasema, "ni yale yale." Nilitoka pale nimekasirika. Mwanamke wa miaka 48 aliyehangaika karibu mwaka mzima kuitafuta dozi yake hataki kusikia kwamba imekwisha. Usiku nikaoga, nikajifuta vizuri, nikaacha kupaka mafuta kiunoni maana plasta haishiki juu ya mafuta, nikabandika moja na ya pili pembeni yake. Nikakaa kitandani nikizitazama. Hasira ikaniisha, nikabaki na wazo ambalo sijaliacha tangu siku hiyo: kumbe dozi hujengwa. Unaongeza 25, unaondoa 25, na hakuna aliyekosea.

Najua mtakachosema ninyi mliobaki nyumbani. Kishavuka maji, sasa hata kukoma hedhi anataka kutufundisha. Subirini kwanza, kwa sababu huku nako sikuwakuta malaika.

Daktari wangu wa kwanza wa ugenini alinipa dakika kumi. Nilimweleza kwamba siku zangu zinakuja baada ya wiki tatu, halafu zinapotea miezi miwili. Kwamba usiku nalowa jasho hadi natandika shuka upya. Kwamba neno linanipotea katikati ya sentensi, mimi ambaye kazi yangu ni maneno. Akanipima homoni mara moja, majibu yakatoka ya kawaida, akaniandikia dawa za mfadhaiko. Miezi minane nikazimeza. Baadaye ndipo nikaelewa kwamba kipimo kile kilikuwa hakiwezi kumwambia lolote la maana. Katika miaka hii ya kuelekea ukomo wa hedhi, homoni hazitulii: wiki hii estrojeni, homoni ya kike, iko juu, wiki ijayo imeporomoka. Mwanamke aliyevuka miaka 45 hutambuliwa kwa dalili zake mwenyewe, wala hahitaji karatasi ya maabara kuthibitisha kwamba usingizi haupati.

Na aliyenitambua hakuwa daktari. Alikuwa dada yangu mkubwa, huko nyumbani, kwa simu. Alisikia sauti yangu tu akasema, "Mdogo wangu, hayo ndiyo yaliyonikuta mimi." Hilo huku silipati. Huku mtu anaweza kulowa jasho miaka mitano na jirani asijue. Kwa hiyo mnaponiambia nimesahau nilikotoka, naumia, kwa sababu bila nilikotoka ningekuwa bado nameza dawa za ugonjwa ambao sina.

Lakini daktari wa pili, huyo lazima niwasimulie. Ni mama mtu mzima, anaongea taratibu. Alisoma majibu ya kipimo, akayaweka kando, akaniuliza, "Unalalaje?" Tukazungumza usingizi, jasho, damu, viungo kuuma, hasira zinazokuja bila sababu. Halafu akasema, "Tutaanza na kidogo. Sijui kama itakutosha. Rudi baada ya miezi mitatu uniambie."

Sijui. Tulikozaliwa, daktari akitamka neno hilo unaanza kutafuta mwingine, na daktari naye analijua hilo, ndiyo maana halitamki.

Alinianzishia plasta ya estrojeni ya mikrogramu 25 kwa siku, nibadilishe mara mbili kwa wiki, nibandike chini ya kiuno, kamwe isiwe kwenye titi. Alichagua ya ngozi kwa sababu estrojeni ya kumeza huongeza hatari ya damu kuganda, na ya kupitia ngozini katika dozi za kawaida haijaonekana kufanya hivyo. Na kwa kuwa mji wa mimba ninao, akaongeza homoni nyingine ya kike, projesteroni, miligramu 200, usiku, kwa siku 14 za kila mwezi. Hapo alinikazia macho: estrojeni peke yake huunenepesha ukuta wa ndani wa mji wa mimba, na miaka ikienda ukuta huo unaweza kuleta saratani. Projesteroni ndiyo inayoulinda. Ile ya usiku ina faida nyingine, inaleta usingizi, na mimi usingizi nilikuwa nimeusahau unafananaje.

Miezi mitatu ikapita. Jasho likapungua, likawa usiku mmoja mmoja, lakini kichwa bado kilikuwa na ukungu. Akanipandisha 50. Nikapata nafuu, na kwa tamaa ya nafuu zaidi nikaomba tena, akanipa 75. Wiki ya tatu matiti yalikuwa yanauma hata nikivaa nguo, tumbo limejaa, kichwa kinagonga. Nilirudi kwake nikiwa naona aibu kana kwamba nimefeli mtihani. Akasema tu, "Imezidi. Tushuke." Tukarudi 50, na hapo ndipo nilipo. Damu ya kushtukiza miezi ya mwanzo alikuwa ameshanionya: niiandike, na ikiendelea kupita miezi sita au ikawa nyingi, nisisubiri miadi, nipimwe. Nilikuwa na daftari. Kila siku mistari miwili: nimelalaje, jasho mara ngapi, damu ipo au haipo. Daftari hilo ndilo alilolisoma kuliko kipimo chochote.

Basi tofauti ninayoipigia kelele ni hiyo moja tu. Kule kwetu dawa za kukoma hedhi hutolewa mara moja. Unaandikiwa, unaondoka, na ikikushinda ni wewe uliyeshindwa. Dada yangu, yule yule aliyenitambua kwa sauti, aliwahi kupewa vidonge vya homoni. Baada ya wiki mbili matiti yakavimba, akaacha, akasema homoni hazipatani na mwili wake. Miaka minne amekaa na jasho lake. Nilipomsimulia habari ya 75 na 50, alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kumbe inapunguzwa?"

Swali hilo limeninyima usingizi kuliko joto la ghafla lenyewe. Mwanamke msomi, mwenye daktari wake, miaka minne, na hakuna aliyemwambia kwamba inapunguzwa.

Mtasema mama zetu walipita bila plasta. Walipita, ndiyo. Mama yangu alikuwa akiamka usiku wa manane, anafungua dirisha, anakaa gizani peke yake. Sisi watoto tuliamini ana hasira na sisi. Tulitembea kwa vidole asubuhi. Nimefika umri wake wa wakati ule ndipo nimejua alikuwa anangoja mwili upoe. Msiniambie alipita salama, hakuna aliyemuuliza.

Mtasema homoni zinaleta saratani. Hofu hiyo naiheshimu, na ina chanzo chake. Mwaka 2002 nchini Marekani utafiti mkubwa wa wanawake 16,608 ulisimamishwa kabla ya wakati, na habari ikaizunguka dunia. Katika kila wanawake 10,000 kwa mwaka, waliomeza homoni 38 walipata saratani ya matiti, na wasiomeza 30. Wanane zaidi. Si sifuri, na sitawadanganya kwamba ni sifuri. Lakini wastani wa umri wao ulikuwa miaka 63, wengi wameshaacha kuona siku zao zamani, na wote waliopewa homoni walianzishiwa kidonge cha aina moja, dozi ile ile, kila siku.  Mimi nina miaka 48, bado naona siku zangu, nabandika homoni ya aina nyingine kwa kipimo changu. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti, au aliyeganda damu, au anayetokwa damu isiyojulikana sababu, mazungumzo yake na daktari ni mengine kabisa. Ila hofu ya kidonge cha aina moja isimzuie kila mwanamke hata kuuliza.

Na wale wa kusema plasta zenyewe ziko wapi huku kwetu, mna haki, na kunikasirikia mna haki. Mimi nalalamika za 50 zimekwisha wakati kuna anayetafuta chochote hakipati. Lakini kurudi baada ya miezi mitatu hakuhitaji plasta. Kurudi tunakujua. Mjamzito wetu ana kadi yake, anapimwa, anaambiwa tarehe ya kurudi, asiporudi anatafutwa. Mwenye shinikizo la damu anaanzishiwa dawa kidogo, anarudi, anaongezewa, anabadilishiwa, na hakuna anayemwambia kwamba dawa haipatani naye baada ya wiki mbili. Wauguzi wetu wanafanya kazi hiyo kwenye foleni mnazozijua. Najivunia kazi hiyo na nimeiona kwa macho yangu. Kinachonichoma ni kwamba mwanamke huyo huyo, aliyefuatiliwa kila mwezi alipokuwa na mimba, akifika miaka 47 anaambiwa "ni umri tu, mama" na mlango unafungwa. Ujuzi wa kumfuatilia upo, ni yeye tu aliyeondolewa kwenye orodha.

Nimemwambia dada aanze na daftari. Asiende kusema "najisikia vibaya", aende na mistari yake, na aulize maneno haya hasa: dozi hii ni ya kuanzia au ya kubaki, nirudi lini, na kama mji wa mimba ninao, nini kinaulinda? Akatae kuondoka bila tarehe ya kurudi. Alisema daktari atamwona mjuaji. Nikamjibu aonekane mjuaji, miaka minne inatosha.

Jana usiku amenitumia picha ya ukurasa wa kwanza. Mwandiko wake mkubwa ule ule wa shuleni. "Jumatatu. Nimeamka mara nne. Jasho mara tatu. Damu hakuna." Chini yake ameandika tarehe ya miadi, akaipigia mstari mara mbili.