Tidjane Thiam na mkuki wa uraia

Tarehe 22 Aprili 2025 mahakama ya Abidjan iliamuru jina la Tidjane Thiam, mwanasiasa wa upinzani wa Ivory Coast aliyetaka urais, lifutwe kwenye daftari la wapiga kura, na hivyo asiweze kugombea. Mwaka 1987 alichukua uraia wa Ufaransa, na sheria ya uraia ya Ivory Coast, iliyotungwa 1961, inasema mtu mzima akijipatia uraia wa kigeni anaupoteza wa kwao. Watanzania, kwa kelele zetu za uraia pacha, hapo hatuhitaji mkalimani.

Wanaomtetea wana la kusema. Mwaka 1998 alipoteuliwa kuwa waziri wa mipango, sheria ilikuwa hiyohiyo na tayari alikuwa Mfaransa. Hakuna aliyemsumbua. Kosa limeonekana baada ya chama kikuu cha upinzani, PDCI, kumpa uenyekiti Desemba 2023 kwa zaidi ya asilimia 96 ya kura, yaani alipokuwa tishio. Mwenyewe alitania kwamba kwa tafsiri hiyo Ivory Coast irudishe kombe la Afrika kwa Nigeria iliyofungwa fainalini, maana nusu ya timu si raia. Utani mtamu, ila unavuja: mchezaji aliyezaliwa Mfaransa hakuuomba uraia huo ukubwani.

Na hapo ndipo ninapomlaumu. Huyu si mtu wa kushindwa kusoma maandishi madogo ya mkataba. Aliongoza kampuni ya bima ya Prudential ya Uingereza kuanzia 2009, mtu mweusi wa kwanza kushika usukani wa kampuni kubwa kiasi hicho katika soko la hisa la London, kisha benki ya Uswisi ya Credit Suisse kuanzia 2015. Huko Zurich aliondoka Februari 2020 baada ya kashfa ya wapelelezi waliotumwa kumfuatilia kigogo mwenzake. Alisema hakujua lolote. Tangu hapo alikuwa na miaka mitano ya kuukana uraia wa Ufaransa. Aliuacha Machi 2025, miezi saba kabla ya uchaguzi.

Kinachonikera zaidi ni historia. Miaka ya 1990 aliyekuwa akiambiwa si raia halisi alikuwa Alassane Ouattara, rais wa sasa, naye mtu wa fedha, naibu mkurugenzi mkuu wa IMF. Aliyemchoma mkuki huo ni Rais Henri Konan Bédié wa PDCI, na mwishoni mwa 1999 serikali yake ilitoa hati ya kumkamata Ouattara kwa madai ya nyaraka za uraia za kughushi. Thiam alikuwa waziri katika serikali hiyo, akabaki humo mpaka wanajeshi walipoipindua Krismasi ilipokaribia. Mkuki kwa nguruwe! Ouattara anajua unavyouma kuliko yeyote, na bado mahakama za utawala wake zimeutumia.

Oktoba 25, 2025 Ouattara alichukua muhula wa nne kwa karibu asilimia 90. Wakati huo Thiam alikuwa nje ya nchi tangu Machi.